Maswali ya Wasomaji: Gharama Hii Alipe Nani?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinagusa jambo moja, ingawa waandishi wake wanaishi mbalimbali na hawafahamiani. Kila mmoja anauliza kwa namna yake: binadamu akichukua kitu ardhini, mtoni au baharini kwa faida yake, na mwingine akaumia kwa sababu hiyo, awe mtu au mnyama, ni nani anayepaswa kubeba hasara ile? Tumechagua barua tano na kuzifupisha bila kubadili maana. Majina ya waandishi tumeyahifadhi kama walivyoomba.

UMEME AU CHURA?

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Darasani nilisimulia habari za chura wa Kihansi, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa nini taifa lenye shule zisizo na umeme litumie fedha kumtunza chura asiyeliwa wala kuuzwa. Darasa zima lilimuunga mkono, nami nikakosa jibu la kuniridhisha mwenyewe. Naomba msaada.

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza swali la haki, na ulifanya vema kutomnyamazisha kwa kauli ya kwamba kila kiumbe kina thamani yake, kwa sababu kauli hiyo, hata ikiwa ya kweli, haimwonyeshi kilichotokea Kihansi. Naomba nikisimulie kwanza, kisha tupime.

Wataalamu walimwona chura huyu kwa mara ya kwanza mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, wakati ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Ni mdogo ajabu. Jike aliyekomaa hafiki sentimita tatu, rangi yake ni ya manjano iliyokolea kama bizari, na tofauti na vyura wengi hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, kila mtoto akiwa na urefu wa milimita tano hivi, mdogo kuliko punje ya mchele. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba ukimtazama kwa chini unaweza kuona yaliyomo ndani. Dunia nzima hakuwa na makazi mengine isipokuwa kando ya maporomoko ya mto huo, katika eneo la takribani hekta mbili, kama viwanja vitatu vya mpira, ambako maji yalipiga mwamba usiku na mchana na kurusha manyunyu yasiyokatika. Manyunyu hayo ndiyo yaliyokuwa nyumba yake.

Mitambo ilipoanza kazi kati ya 1999 na 2000, takribani asilimia 90 ya maji yaligeuzwa njia, na manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kusafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na kule korongoni yakatandazwa mabomba yenye vinyunyizio ili yaige kazi ya maporomoko. Kwa muda ilionekana kwamba mpango umefaulu, kwani vyura waliobaki waliongezeka tena. Lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mwaka 2009 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ulitangaza kwamba ametoweka porini. Mwaka uliofuata, vyura 100 waliozaliwa Marekani walirudishwa kwa ndege na kutunzwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Desemba 2012 vyura wapatao 2,500 wakarejeshwa korongoni.

Sasa tupime. Umeme ulipatikana: mitambo mitatu ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180. Kwa hiyo uchaguzi anaouzungumzia mwanafunzi wako, wa umeme au chura, haukuwahi kuwapo. Shule zisizo na umeme hazikuukosa kwa sababu ya chura, na hata chura angeachwa afe, waya usingefika kwenye shule hizo. Uchaguzi wa kweli ulikuwa kati ya kulichunguza korongo vizuri kabla ya bwawa kuchorwa na kulichunguza wakati saruji imekwisha kumwagwa. Kama chura angejulikana mapema, kiasi cha maji ya kuachiwa mto kingeingia katika hesabu za mradi tangu siku ya kwanza, kama inavyoingia bei ya nondo na ya mitambo. Hakikuingia, na gharama ile haikufutika kwa sababu tu haikuandikwa. Ilikuja baadaye, na ikalipwa kwa mabomba, kwa ndege, kwa maabara na kwa miaka ya kazi ya watu wengi, huku kiumbe mwenyewe akiponea chupuchupu. Watu wengine husimulia habari za wale vyura 499 kwa fahari. Mimi nikiwawaza ndani ya masanduku yao angani huona zaidi jinsi tulivyochelewa.

Kuna jambo la pili ambalo ningependa darasa lako lilizungumze. Sidai kwamba chura ni sawa na mtoto wa shule. Ninachosema ni kwamba hasara inayoweza kurekebishwa haiwekwi katika mizani moja na ile isiyorekebishika. Shule isiyo na umeme mwaka huu inaweza kuunganishiwa mwaka ujao, na ni wajibu wetu kuidai huduma hiyo kwa nguvu zote; bali kiumbe aliyekwisha kabisa duniani hana mwaka ujao. Na yeye hakuwa na mjumbe katika kikao chochote kilichoamua mto ugeuzwe. Mwenye nguvu anapoamua jambo la kudumu juu ya asiye na sauti, na kwa faida yake mwenyewe, anawajibika kuchunguza zaidi kuliko kawaida. Mwulize mwanafunzi wako kama angekubali serikali ya wilaya ipitishe barabara katikati ya kijiji chao bila kwanza kwenda kuona kuna nyumba ngapi.

KIFUTA JASHO

Swali: Mwandishi, salaam. Mimi ni mkulima wa miaka 61, naishi wilaya ya Bunda, si mbali na hifadhi. Mwezi wa nne tembo waliingia usiku katika ekari zangu tatu za mahindi yaliyokuwa yanaanza kubeba. Asubuhi palibaki chini ya ekari moja. Nimefuatilia kifuta jasho katika ofisi moja kwa miaka miwili sasa kwa hasara ya msimu mwingine wa nyuma, nazungushwa tu. Tukilalamika, watu wa mjini wanatuita majangili. Je, tembo ana haki kuliko mimi?

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Nilipokuwa kijana niliwahi kulala usiku mmoja katika dungu la mjomba wangu, tukilinda mahindi, na kitu kilichonikaa moyoni hadi leo ni ukimya wa tembo. Nilitarajia mnyama mkubwa vile atangulie na kishindo. Tulisikia kwanza mabua yakivunjika, kama mtu anayekunja mkeka mkavu, na tulipowasha tochi walikuwa wamekwisha kufika katikati ya shamba. Tulipiga madebe hadi mikono ikafa ganzi. Kulipopambazuka, shangazi yangu alipita akiokota magunzi mabichi yaliyokanyagwa na kuyatia kwenye kikapu, bila kusema neno. Kwa hiyo sitakuandikia kama mtu wa mjini asiyejua unachokisema.

Naomba nianze na jina la hayo malipo, kwa maana jina limeficha jambo. Anayelipwa fidia analipwa haki yake, kwa kuwa mwingine amemsababishia hasara na anakiri kuwa na deni. Anayepewa kifuta jasho anapewa pole. Mtoaji hakiri deni lolote, na pole hutolewa mtoaji anapojaliwa. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 ziliyaita malipo haya kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyeumizwa au kuuawa, zikaweka shilingi milioni moja kwa kifo, na kwa mazao kiwango cha juu cha shilingi 100,000 kwa ekari, kisichozidi ekari tano, na kikipungua kadiri shamba linavyokaribia mpaka wa hifadhi. Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013, waliandika fidia, na kwa kifo waliweka shilingi milioni tano za kwao, ingawa huko nako watu wengi wamesubiri malipo kwa miaka. Kwa maoni yangu neno la Kenya ndilo sahihi. Tembo ni mali ya taifa. Mapato ya watalii wanaokuja kumtazama huingia katika hazina ya taifa na katika mifuko ya wenye hoteli na magari. Basi na mahindi anayokula ni gharama ya taifa na ya hao wanaofaidi, wala hayapaswi kuwa sadaka ya mkulima mmoja wa Bunda.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako. Wewe na tembo hamdaiani kitu. Tembo mzima anahitaji kilo zaidi ya mia moja za malisho kila siku, na hupita njia alizofundishwa na mama yake, ambaye naye alifundishwa na wake. Hajui kwamba shoroba zile zimegawanywa mashamba, mara nyingi kwa mihuri ya watu waliojua. Wewe nawe hukuwahi kuulizwa kama uko tayari kumlisha. Wanaodaiwa ni wanaovuna kutoka kwenu nyote wawili. Ndiyo maana kumwua tembo kwa hasira, ingawa hasira yenyewe naielewa, ni kumtoza deni asiyekopa. Na nchi hii imekwisha kuona maana ya kumtoza: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo wapatao 109,000 Tanzania nzima, na ile ya mwaka 2014 ikawakuta kama 43,000, wengi wa waliopungua wakiwa wamekwenda na biashara ya pembe ambayo mkulima alipata makombo yake tu, au kifungo.

Jambo hili si geni. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha ambamo viongozi wa Tanganyika waliahidi kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya wajukuu wa watoto wao, na katika tamko lilelile wakayataka mataifa mengine yashiriki kwa utaalamu, watu na fedha. Tangu mwanzo kabisa, basi, ilikubaliwa kwamba mzigo ugawanywe. Kilichosahaulika ni kuugawa hadi kwenye mlango wa yule anayelala kwenye dungu.

Wakati unaendelea kudai, yako mambo mawili yaliyosaidia wakulima wenzako. La kwanza ni uzio wa mizinga, uliojaribiwa kwa miaka mingi huko Sagalla, karibu na hifadhi ya Tsavo Mashariki: mizinga hutundikwa kila baada ya mita kumi hivi na kuunganishwa kwa waya, tembo akiusukuma waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na tembo, ambaye huogopa kuumwa machoni na ndani ya mkonga, hurudi nyuma. Mwenye shamba hupata na asali. La pili ni pilipili kali iliyosagwa, ikachanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba na vitambaa vinavyozunguka shamba, au ikachanganywa na kinyesi cha tembo, ikakaushwa kama tofali na kuchomwa usiku upande unaotoka upepo. Hakuna kati ya hizi inayozuia kila tembo kila usiku, na zote zinataka kazi ya kijiji kizima, kwa sababu shamba moja likizungushiwa peke yake tembo huhamia kwa jirani. Kuhusu madai yako, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku ileile kabla hujaokoa kilichobaki, piga picha za nyayo na mabua, omba tathmini kwa maandishi, na usiondoke ofisini bila nakala yenye muhuri na tarehe.

MKAA NA HEWA YA DUNIA

Swali: Mimi ni kijana wa Kisarawe, nachoma mkaa. Nasikia kila siku kwamba tunaharibu hali ya hewa. Mbona nchi tajiri zilizojaza moshi angani hazikamatwi, nakamatwa mimi mwenye tanuri moja?

Jibu: Kijana wangu, kuhusu hewa ya dunia uko sahihi. Bara zima la Afrika hutoa takribani asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, na nchi tajiri, zenye deni kubwa la moshi huo, zilikubali kuunda mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko ya hali ya hewa, mwaka 2022 tu, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, baada ya kudaiwa kwa miongo mitatu. Lakini tanuri lako lina deni jingine lililo karibu zaidi, nalo ni kwa visima na vijito vya Kisarawe yenyewe, ambavyo hupungua maji kila msitu wa juu yake unapoisha. Hata hivyo, deni hilo si lako peke yako. Gunia lako linaishia jikoni Dar es Salaam, na mpishi wa huko hulipia jasho lako kidogo na usafiri mwingi, ila mti wenyewe anaupata bure. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ukitekelezwa kwa kupunguza bei ya gesi na umeme mjini utaokoa miti mingi kuliko doria zinazokamata baiskeli. Wewe anza kuulizia kikundi cha kijiji kinachovuna kwa mpango katika msitu wake, chenye vibali, ambapo kipande kilichokatwa huachwa kichipue kabla ya kurudiwa.

KHATIBU NA BAHARI

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni khatibu katika msikiti mdogo Pemba. Vijana wetu wanavua kwa kigumi na kwa utupa. Nikisema jambo hili katika khutba, wazee wengine wananiambia msikitini pazungumzwe dini, mambo ya samaki yana idara yake. Nini rai yako?

Jibu: Waalaykum salaam, sheikh wangu. Wewe unaijua Qurani kuliko mimi, na unajua kwamba aya ya 41 ya Sura ar-Rum inataja ufisadi uliodhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyafanya mikono ya watu. Bahari imetajwa kwa jina. Sioni, basi, kwamba unatoka nje ya dini.

Wazee wako wakumbushe Misali, kisiwa wanachokiona wakivuka magharibi ya Pemba. Masimulizi yetu yanasema kwamba Nabii Hadhara aliwatokea wavuvi hapo akawaomba msala wa kusalia, wakasema hawana, naye akasema kisiwa chenyewe kitakuwa misali ya msala, kwa jinsi kilivyokielekea kibla. Kisiwa hiki kilipofanywa hifadhi mwaka 1998, wavuvi hawakufukuzwa, na walimu wa dini walishirikishwa kuwaeleza wavuvi kwamba matumbawe na kasa ni amana, na kwamba binadamu ni khalifa, si mmiliki. Ujumbe huo uliwaingia watu ambao kanuni za serikali peke yake hazikuwaingia, maana ulisemwa kwa lugha waliyokuwa wakiiishi.

Kwa wasomaji wa bara wasiojua kigumi: wavuvi hutandaza wavu, kisha hupigapiga matumbawe kwa miti mizito ili samaki waliojificha watoke na kuingia wavuni. Tumbawe lililopigwa huvunjika kama kigae. Mengi hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo mwamba ulioteketezwa kwa mawio mamoja huenda usirudi katika maisha ya mvuvi aliyeuvunja. Utupa, ambao ni sumu ya mmea, nao huua na vifaranga visivyofaa hata kwa mchuzi. Nadhani khutba yako ingewagusa zaidi kama ungeacha kuzungumzia samaki kwa jumla, ukauliza swali la mirathi: baba anayevunja mwamba leo anakula sehemu ya nani? Katika dini yetu fungu la mtoto linajulikana, na anayelila anajulikana anaitwaje.

BETRI KUUKUU

Swali: Mpendwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mombasa. Nyuma ya ploti yetu kuna yadi ambapo vijana wanapasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Maji yao makali yanapita kwenye mtaro ambapo watoto huchezea, na mwanangu mdogo amekuwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha na amepoteza hamu ya kula. Vijana wenyewe ni wa hapa mtaani, mmoja ni mtoto wa rafiki yangu. Nikienda kushtaki nitakuwa nimewanyima riziki. Je, ni haki?

Jibu: Mama, pole sana. Barua yako nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo isiyoweza kusubiri, na ningependa iwe kitu cha mwisho msomaji anachokumbuka.

Risasi haina kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile alichomeza, na madhara yake makubwa ni kwenye ubongo: mtoto huchelewa kujifunza, hukosa utulivu, na akili iliyopungua hairudi. Risasi huingia mwilini kwa moshi, na zaidi kwa vumbi, lile jeupe-kijivu unaloliona limetanda juu ya mabati na kwenye kamba za nguo, ambalo mtoto hulishika na kutia vidole mdomoni. Vijana wa yadi hulibeba hadi nyumbani kwao kwenye nywele na mashati. Mtoto wa rafiki yako, kwa hiyo, ndiye wa kwanza kuumia, na kama ana mtoto wake anayempakata jioni kabla ya kuoga, huyo ni wa pili.

Mji wenu umekwisha kupitia jambo hili. Katika kijiji cha Owino Uhuru, chenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kati ya 2007 na 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini, akaacha kazi na kuanza kuwakusanya majirani. Alitishwa, alikamatwa, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu miaka hiyo. Watoto waliokuwa wakitambaa kiwanda kilipofunguliwa walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, na wengine walikuwa makaburini. Ushindi ule ni mkubwa na ninauheshimu, lakini hakuna mahakama inayoweza kuamuru risasi itoke katika ubongo.

Unaniuliza kama ni haki kuwanyima vijana riziki. Riziki ambayo gharama yake inalipwa na damu ya mtoto wa mwingine, bila yeye kujua, bado haijalipiwa. Anayenunua risasi iliyoyeyushwa anaipata kwa bei ya chini kwa sababu hakuna aliyenunua barakoa, hakuna aliyejenga bomba la moshi, na hakuna aliyeweka tangi la tindikali. Tofauti hiyo ya bei ndiyo imo tumboni mwa mwanao mdogo. Kwa hiyo nenda, ila nenda kwanza kwa rafiki yako, mama kwa mama, umweleze kuhusu mwanawe kabla hujamweleza kuhusu wako. Vijana wanaweza kuendelea kununua betri kuukuu na kuziuza zikiwa nzima kwa viwanda vyenye leseni. Hatari kubwa iko katika kupasua na kuyeyusha.

Kisha andika malalamiko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira na kwa afisa wa afya wa kaunti, ukitaja siku na saa za moshi, mahali mtaro unapoelekea, na nyumba zenye watoto. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Ibara ya 70 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Waliotunga Ibara hiyo walifikiri juu ya mtu kama wewe, anayeona hatari kabla ya mazishi.

Nyumbani, piga deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, acha viatu vyote mlangoni, osha mikono ya watoto kwa sabuni kabla ya kila mlo, usianike nguo upande wa yadi, na wape vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi kama dagaa, maharagwe, mboga za majani na maziwa, kwa kuwa mwili uliopungukiwa madini hayo hufyonza risasi zaidi. Lakini yote haya yafuate baada ya hili: kesho asubuhi mpeleke mwanao mdogo hospitali, na usiridhike na dawa ya minyoo. Mwambie daktari habari za yadi, na umwombe kwa jina kipimo cha risasi katika damu.